Kumi ya Tisa

Saa tatu kamili asubuhi, kama inavyotakiwa,
nilivuka uwanja wa shule miguu mitupu,
ufunguo wa uzio mdomoni, daftari kwapani
ndani ya mfuko wa sukari.
Ng'ambo ya mbuga treni ilikuwa imelala tangu usiku,
abiria wake wanachemsha chai juu ya tuta la reli.
Kipimo kilisimama palepale, maji magotini,
kama mtoto aliyesahauliwa baada ya gwaride.

Nikafungua. Kopo la ndani lilikuwa limefurika,
likamwagia la nje, na la nje nalo
likashika hadi mahali nisipowahi kupaona pamelowa.
Miaka kumi na mmoja naisoma mvua ya Bahi,
mara nyingi kama anayesoma barua
ya mtu mchoyo wa wino:
nukta mbili. Nukta tano. Sifuri.
Sifuri. Sifuri.

Bilauri ya kioo hupokea milimita kumi, haizidi.
Basi nikamimina, nikasoma, nikamwaga,
na kwa kila kumi, punje ya mtama juu ya nguzo,
nisijidanganye.
Kumi ya kwanza ilikuja na mbawa za kumbikumbi.
Ya nne safi, baridi, ungedhani ya kisima cha misheni.
Ya saba nikaihesabu kwa sauti,
na watoto wa Ndahani, waliokuwa wakifukuza vyura mferejini,
wakaitikia: Sabaa!

Kwenye kumi ya tisa
tembe ya Loyi Chidosa ikashuka.

Haikupiga kelele kama nyumba za bati.
Ilitoa pumzi tu, kama mtu mzima anayeketi.
Paa la udongo lililokunywa usiku kucha
likalala juu ya kitanda, juu ya kilindo cha uwele,
juu ya picha ya ubatizo wa Yeremia.
Mkono wangu ukaruka.
Maji yakaruka na mkono.

Nikakimbia. Loyi alikuwa nje, kando ya kinu chake,
mbuzi wawili kwa kamba moja, jogoo ndani ya kanga.
"Mbukwa, Dorika," akanisalimu,
kana kwamba tumekutana mnadani.
Akatumbukiza mkono ndani ya kinu kilicholala uani.
"Wewe umepata ngapi? Mimi nimepata hapa."
Akanionyesha kiwiko.

Nilirudi, nikaianza tisa upya.
Zikafika kumi na nne, na moja nukta sita ya mwisho.
Mia moja arobaini na moja, nukta sita.
Baba alisoma kipimo hikihiki mwaka wa elinino;
namba yake kubwa, tisini na nane,
aliipigia mstari mwekundu mara mbili
na chini akaandika: Yatosha.

Nikatuma. Mjini wakapiga simu: "Soma tena."
Nikasoma tena.
Zile sifuri hakuna aliyewahi kunipigia
aniambie nizisome tena.

Jioni redio ikasema rekodi. Ikasema mia moja arobaini na mbili,
wakanizawadia nukta nne za bure.
Lakini ile niliyoimwaga, ilikuwa ngapi?
Nukta tatu? Nane kasoro?
Sheria ya daftari ni fupi: andika ulichokiona.
Mimi sikukiona. Udongo ulikiona,
nao siku ile haukuwa na nafasi hata ya tone.
Watakaokuja kuishindanisha rekodi ya Bahi
wajue imepungua kwa kimo cha mshtuko wangu.

Leo ni wiki ya pili. Jua limerudi na ukali wake.
Loyi anakanyaga udongo wa paa lake mwenyewe,
anaufyatua tofali, na kila nikipita
ananiinulia kiwiko, tunacheka kidogo.
Kipimo: sifuri.
Nimeisoma tena.
Chini ya nguzo punje moja ya mtama imeota.
Sijui ni ya ngapi.